Saanane, Serengeti au Rubondo? Kuchagua hifadhi ya kuwapeleka watoto ukitokea Mwanza

Mkazi wa Mwanza mwenye watoto ana nafasi ambayo wazazi wa mikoa mingi hawana. Kisiwa cha Saanane kinaonekana kutoka Capri Point. Geti la Ndabaka, mlango wa magharibi wa Serengeti, liko kando ya lami ya kwenda Musoma, kama kilomita 140 kutoka mjini. Na tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025 pale Kigongo–Busisi, anayekwenda kisiwa cha Rubondo, ndani ya Ziwa Victoria, kwa upande wa Geita hapangi tena foleni ya kivuko. Ni hifadhi tatu za taifa, zote zinafikika bila kupanda ndege, na hazifanani hata kidogo.

Familia nyingi huanza kupanga kwa kuuliza wapi kuna simba. Mimi huanza kwingine: mtoto wenu mdogo kuliko wote ana umri gani, na anaweza kukaa muda gani bila kushuka, bila kwenda chooni na bila kuona kitu kipya? Huyo ndiye anayepanga safari, mtake msitake. Akishachoka na kuanza kulia, hakuna mkubwa ndani ya gari atakayemfurahia twiga. Kwa hiyo nitaziweka hifadhi hizi tatu pamoja na kuzipitia kwa jicho la mzazi: mwendo, wanyama, fedha, miezi na usalama. Mwishoni nitasema wazi ningempeleka mtoto wa umri gani wapi.

Mwendo

Saanane haina mwendo wa kuzungumzia. Mnakwenda ofisi ya TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa) Capri Point, mnalipa, mnavaa maboya, mnapanda boti, na dakika chache baadaye mmeshuka kisiwani. Mtoto akichoka au akianza kuililia nyumbani, mnarudi mjini kabla chakula cha mchana hakijapoa. Mwenye mtoto wa miaka miwili au mitatu anajua thamani ya jambo hilo kuliko mtu yeyote.

Serengeti inadanganya. Lami hadi getini ni nzuri: Kisesa, Magu, Lamadi, Ndabaka, na ukitoka alfajiri kabla magari hayajawa mengi ni saa mbili hivi. Uchovu unaanza baada ya geti. Kutoka Ndabaka hadi Seronera, katikati ya hifadhi, ni kilomita zinazokaribia 145 za barabara ya vumbi, na sheria ya hifadhi hairuhusu kuzidisha mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Hapo bado hamjasimama kumwangalia hata ngiri. Wapo wenye magari ya kukodi watakaokwambia mnaingia asubuhi, mnafika Seronera, na jioni mnalala Mwanza. Gari linaweza. Mtoto wa miaka mitano atakuwa amekaa kwenye kiti saa kumi na moja au zaidi, nusu yake akirushwarushwa, na atakachokumbuka ni vumbi na kugombezwa.

Kama mna siku moja tu, iacheni Seronera. Bakini ukanda wa magharibi. Ingieni geti linapofunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, tembeeni taratibu kuelekea Kirawira na Mto Grumeti, kuleni mchana, kisha mrudi polepole. Na kama mfuko unaruhusu usiku mmoja wa ziada, ulaleni Lamadi kabla ya siku ya kuingia. Nyumba za wageni ni za bei ya kawaida na geti liko karibu. Mtoto aliyelala Lamadi anaamka akiwa mzima, tofauti na yule aliyeamshwa Mwanza saa tisa usiku akavishwa viatu huku anasinzia. Huo usiku mmoja unabadilisha safari nzima, na ni ushauri ninaoutilia mkazo kuliko mwingine wowote kwenye andiko hili.

Anayetaka Seronera kwa kweli apange kulala ndani. TANAPA ina mabanda na hosteli, na kuna kambi za mahema kama Pimbi na Nyani. Lakini jueni kwamba kambi hizo hazina uzio. Fisi watapita usiku, na wakati mwingine wakubwa zaidi ya fisi. Mtoto wa darasa la sita atalisimulia jambo hilo kwa miaka. Wa miaka minne atataka choo saa nane za usiku, na hapo ndipo utakapotamani ungekuwa kwenye banda lenye mlango.

Rubondo inakula nusu siku ya kwenda. Mnatoka Mwanza kupitia Usagara, mnavuka daraja, Sengerema, Geita, Katoro, halafu Chato hadi Muganza, na boti inawachukua upande wa Kasenda. Wengine hupitia Nkome, ambako safari ya majini ni ndefu zaidi. Kwa vyovyote vile huwezi kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, na kwenda kulala usiku mmoja tu ni kujichosha bure. Panga usiku mbili kwenda mbele. Ila mkishafika, kukaa kwenye gari kumekwisha. Mnatembea kwa miguu mkiwa na askari wa hifadhi, au mnazunguka kwa boti. Kwa mtoto asiyependa kufungwa mkanda, hapo Rubondo inaishinda Serengeti mbali sana.

Watakachokiona

Tuanze na Serengeti maana ndiyo inayotajwa na kila mtu. Ni hifadhi ya taifa tangu 1951, ina ukubwa wa kilomita za mraba 14,763, na nyumbu wake wanaohama wanazidi milioni moja. Mkiingia Ndabaka, wanyama hawachukui muda kujitokeza: pundamilia, pala, nyamera, ngiri, nyani, na twiga kwenye migunga. Mto Grumeti una viboko na mamba wakubwa sana, na kwenye msitu mwembamba wa kando ya mto kuna mbega weusi kwa weupe, wanaopendwa na watoto kwa mikia yao. Simba wapo ukanda wa magharibi pia, lakini nafasi ya kuwaona inapanda mkifika Seronera, ambako maji hayakauki na chui hupenda kulala juu ya miegea na migunga ya kando ya mto.

Kuna jambo ambalo vipeperushi vya utalii havisemi. Mtoto wa chini ya miaka sita anaona kilicho karibu. Simba aliyelala kwenye nyasi mita mia mbili kutoka barabarani ni doa la kahawia, na kumshurutisha "muone, muone pale!" hakumsaidii mtu. Lakini twiga anayevuka barabara mbele ya gari, au nyani amembeba mtoto mgongoni kando ya dirisha, huyo anaingia moyoni. Hivyo mwambieni dereva mapema kwamba hamfukuzii simba. Asimame penye pundamilia kumi walio karibu, azime injini, awaache watoto waangalie mpaka watosheke. Madereva waliozoea wageni wenye kamera ndefu wana haraka ya kupelekana walipo simba na chui, na bila kuambiwa watawapeleka mbio.

Saanane ni ndogo: kilomita za mraba 2.18, maji yakiwemo. Msiwaahidi watoto tembo, maana hakuna. Watakutana na pala wanaokula majani bila wasiwasi mkubwa, tumbili, kenge, mamba wa ziwani, ndege wa majini, mijusi wa mawe wenye vichwa vya rangi ya waridi na miili ya buluu, na pimbi wakiota jua juu ya miamba. Pimbi wanastahili kusimamiwa. Kanyama kanakotoshana na sungura, lakini kati ya wanyama wa nchi kavu ndiye ndugu wa karibu kabisa wa tembo. Mweleze mtoto hilo mkiwa hapo hapo, halafu uone maswali yatakavyomiminika.

Kisiwa chenyewe kina hadithi inayofaa kusimuliwa mkiwa mnatembea. Kimepewa jina la Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyeishi hapo kabla ya kisiwa kukabidhiwa serikali. Mwaka 1964 ikaanzishwa bustani ya wanyama, ya kwanza ya serikali nchini, na wakubwa wengi wa Mwanza walimwona simba kwa mara ya kwanza pale. Mwaka 2013 kikatangazwa hifadhi ya taifa. Kama watoto wana babu au bibi aliyekulia mjini, nendeni naye. Atawaonyesha mambo ambayo hakuna kibao kinachoyaandika. Njia zina mawe na kupanda kidogo, kwa hiyo mzee mwenye magoti mabovu abaki eneo la kupumzikia karibu na maji wakati vijana wanapanda.

Rubondo iko kati ya hizo mbili na wakati huo huo iko peke yake. Ina kilomita za mraba kama 457 pamoja na maji yanayoizunguka, na ilipandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Simba hakuna, chui hakuna, fisi hakuna. Hicho ndicho kinachowezesha familia kutembea msituni kwa miguu, ingawa tembo, viboko na mamba wapo na ndiyo maana hamtembei bila askari. Kuna twiga, pongo, fisi maji, furukombe wakilia asubuhi juu ya miti, na nzohe, swala wa majini mwenye kwato ndefu zinazomwezesha kutembea kwenye matope ya mafunjo bila kuzama.

Halafu kuna sokwe. Kati ya 1966 na 1969, mwanazoolojia Mjerumani Bernhard Grzimek na Shirika la Zoolojia la Frankfurt waliwaleta Rubondo sokwe 17 waliokuwa kwenye bustani za wanyama na sarakasi za Ulaya, wakawaachia huru. Wanyama waliokwisha kuzoea vizimba wakajifunza upya kutafuta chakula, kujenga viota na kuzaa, na wanaoishi kisiwani leo ni uzao wao. Sijui hadithi ya wanyama inayomfaa mtoto wa miaka kumi kuliko hiyo. Lakini hadithi ni kitu kimoja na kuwaona ni kingine. Msitu ni mnene, sokwe wanatembea sana, na kuwafuatilia kuna umri wa chini unaowaacha nje watoto wadogo. Ulizeni umri huo kabla ya kulipa chochote, na msiwaahidi watoto kwamba watawaona. Waahidini kiboko na furukombe. Hao hawakosekani.

Fedha inakwenda wapi

Bei hubadilika, kwa hiyo sitaorodhesha viwango. Kinachosaidia zaidi ni kujua gharama ya kila hifadhi imekaa wapi, maana hapo ndipo pa kupunguzia.

Kiingilio cha raia wa Tanzania na Afrika Mashariki ni kidogo kulingana na kile cha mgeni wa nje. Watoto chini ya miaka mitano hawalipi, na wa miaka 5 hadi 15 wanalipa kiwango cha watoto. Bebeni vitambulisho vya taifa (NIDA) na nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kwa sababu mtoto mrefu wa miaka kumi na nne atatiliwa shaka. Pia getini hakuna malipo ya fedha taslimu. Hakikisheni mna kadi ya benki inayofanya kazi, au mmeshapata namba ya malipo na kulipia kabla hamjaondoka.

Saanane, gharama ni ya kichwa kwa kichwa: kiingilio na boti, basi. Familia ya watu watano inaweza kwenda Jumamosi bila kuvunja kibubu.

Serengeti, fedha inaishia kwenye gari. Land Cruiser ya kukodi na mafuta yake ni ile ile mkiwa wawili au mkiwa saba. Kwa hiyo ungeni na familia nyingine yenye watoto wa umri unaolingana na wenu, na gharama itagawanyika. Watoto nao wanapata wenzao wa kubishana nao nani aliyeona wa kwanza. Wengine huuliza kama wanaweza kuingia na Noah ya nyumbani. Kiangazi kikavu, kwa ukanda wa magharibi karibu na geti, watu huingia na magari madogo. Mimi nikiwa na watoto sitajaribu. Udongo wa mbuga ule mweusi, ikinyesha hata mvua ya nusu saa, unageuka utelezi unaomeza matairi, na kukwama na watoto mahali ambapo huruhusiwi kushuka si mchezo.

Rubondo, fedha iko kwenye boti na malazi. Boti nayo hulipiwa kwa safari kuliko kwa kichwa, kwa hiyo kanuni ni ile ile: nendeni wengi. Pale Kageye, makao makuu ya hifadhi, kuna mabanda ya TANAPA ambayo familia ya kipato cha kawaida inaweza kuyamudu ikijipanga mapema na kubeba chakula chake. Ila mabanda hayo ni machache, na likizo za shule huwahi kujaa.

Juni au Desemba?

Hapa kalenda ya shule inaamua mengi. Masika ni Machi hadi Mei. Likizo ya Juni inaangukia mwanzo wa kiangazi, na ndio wakati ambao makundi ya nyumbu wanaohama hupita ukanda wa magharibi na kuvuka Grumeti, kwa kawaida mwishoni mwa Mei hadi mwanzoni mwa Julai, kulingana na mvua za mwaka huo. Yaani wakati watoto wenu wamefunga shule, nyumbu wako upande wenu wa hifadhi, karibu na geti lenu. Wageni wanavuka bahari kuja kuliona hilo. Kama mnaweka akiba ya kwenda Serengeti mara moja tu watoto wakiwa wadogo, iwe Juni.

Desemba mambo ni mengine. Mvua za vuli zimeshanyesha, udongo mweusi unateleza, na nyumbu wanaelekea kusini kwenye nyanda za Ndutu, mbali kabisa na Ndabaka. Wanyama wakazi wapo mwaka mzima, lakini sioni sababu ya kutumia fedha ya Serengeti ya magharibi Desemba kama Juni inawezekana. Desemba nendeni Saanane, asubuhi yenye jua.

Rubondo inafaa zaidi kiangazi, Juni hadi Septemba, njia za msituni zikiwa kavu.

Maji, nzi na homa

Watu wa kanda ya ziwa hatuhitaji kufundishwa kuliheshimu ziwa. Meli ya MV Bukoba ilizama Mei 1996, kivuko cha MV Nyerere Septemba 2018: karibu kila ukoo unamjua mtu aliyepoteza mtu. Kwa hiyo nasema bila kuona haya: usipande boti kama hakuna boya la saizi ya mtoto wako. Boya la mtu mzima kwenye mwili wa mtoto wa miaka mitatu linamtoka juu anapoingia majini, halafu halimsaidii kitu. Piga simu siku moja kabla, uliza wana maboya ya watoto mangapi, na jipange kuazima kama hawana. Vuka asubuhi. Maji huwa yametulia zaidi, na mchana upepo wa ziwa huamka na mawimbi nayo. Kwa Saanane tofauti ni ndogo, lakini kwa boti ya Rubondo ni kubwa. Nahodha akisema hali ya hewa si nzuri, laleni Muganza muondoke kesho. Chumba cha usiku mmoja ni gharama ndogo.

Ziwani wasiingie. Mamba ndio sababu ambayo kila mtoto anaielewa. Sababu ya pili ni kichocho, ugonjwa ulioenea sana kwenye fukwe zetu: vimelea kutoka kwa konokono wa majini hupenya kwenye ngozi, na hata kuchezesha miguu tu kwenye maji ya kina kifupi kunatosha. Dalili za kichocho cha tumbo huchelewa, kwa hiyo mzazi hahusishi tumbo la mtoto linalouma na ile siku ya kisiwani. Watoto wavae viatu, na kama miguu imelowa ikaushwe kwa taulo mara moja.

Serengeti ya magharibi tabu yake ni mbung'o. Anafuata gari linalotembea, anauma kupitia nguo nyepesi, na dawa za kupaka za mbu hazimtishi sana. Anapenda rangi ya buluu na nyeusi. Sweta la shule la bluu, ambalo kila mama hulichukua kwa sababu ndilo linalokinga baridi ya asubuhi, liacheni nyumbani. Vaeni kaki, kijani kilichofifia au rangi ya udongo, mikono mirefu, nguo nene kidogo. Mkipita penye vichaka wanapokuwa wengi, fungeni vioo mpaka mtoke kwenye nyanda. Malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, huwapata wageni wachache sana, lakini mtoto akipata homa baada ya kurudi, mwambieni daktari mlikuwa wapi na kwamba aliumwa na mbung'o, asije akatibu malaria peke yake. Malaria nayo iko kote kote, na chandarua kilichotiwa dawa mbebe chenu hata kama mmeambiwa kipo.

Choo ni suala la Serengeti. Kipo getini na kipo Seronera kwenye kituo cha wageni, na katikati yake hamshuki ovyo. Mwenye mtoto chini ya miaka mitano abebe poti, pampasi za akiba hata kama mtoto ameshaziacha, na maji ya kunawa. Nguo za kubadilisha ziwekwe mikononi, zisifungwe juu ya gari. Mtoto anayetapika kwenye gari akae mbele au katikati, apewe chapati kavu au biskuti badala ya uji na maziwa, na tangawizi husaidia.

Chakula kifungwe kwenye makontena na vikapu, maana mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019. Sambusa, mayai ya kuchemsha, sato wa kukaanga wa jana, matunda yaliyokwisha kumenywa. Na sehemu zote tatu, kuleni mkiangalia pembeni: nyani na tumbili wanamjua mtoto mwenye ndizi mkononi, na ananyang'anywa kabla hujasimama.

Ningewapeleka wapi

Mtoto mdogo wenu yuko chini ya miaka sita: Saanane, na mrudie zaidi ya mara moja. Mara ya pili ndipo mtoto anapoanza kuuliza mwenyewe pimbi wako wapi. Serengeti itamsubiri. Kama mna wakubwa wanaoililia Serengeti na mdogo anayenyonya, shangazi au bibi abaki na mdogo, wakubwa waende na mzazi mmoja. Kuwaburuza wote kwa sababu ya picha moja ya pamoja kunawaonea wote.

Miaka sita hadi kumi na miwili: Serengeti kwa Ndabaka, Juni, usiku mmoja Lamadi na siku moja ukanda wa magharibi. Umri huu wanakumbuka, wanaandika, wanajua ramani. Mpe kila mmoja daftari na kalamu ahesabu wanyama wake. Darubini moja itoshe wote kwa zamu. Na mkirudi, kama bado wana nguvu, simameni Bujora pale Kisesa kwenye Makumbusho ya Wasukuma, wazione ngoma za watemi. Kituo hicho kinaikata barabara vizuri, na watoto wanapata kunyoosha miguu kabla ya foleni ya kuingia mjini.

Wenye watoto wa miaka kumi na tatu kwenda juu, ambao wameshaiona Serengeti na shule au wamechoka kukaa kwenye viti: Rubondo, usiku mbili au tatu. Kijana anayejifanya hakuna kinachomshangaza hubadilika akitembea kimya nyuma ya askari na kuonyeshwa kinyesi cha tembo cha asubuhi hiyo, hatua chache kutoka miguuni pake. Kwenye gari hapati hilo.

Na bibi? Bibi aende Serengeti. Kiti cha mbele, shuka la kujifunika asubuhi, chupa ya chai, na wajukuu nyuma wakimpigia kelele kila akitokea pundamilia. Hatatembea hata hatua mia, na ataona zaidi ya wote.

Kama ni Juni, anzeni kutafuta gari na familia ya kuungana nayo mwezi Aprili. Ikifika wiki ya kufunga shule, magari mazuri Mwanza yameshachukuliwa, na yaliyobaki ni yale ambayo usingependa kumpandisha mtoto wako.